Ubao wa maono unasaidia kuamua, hauvuti kitu

Kila Januari ni yale yale. Stetasi za WhatsApp zinajaa manila zilizobandikwa magari, nyumba, pasipoti na wanandoa wanaocheka ufukweni. Dar es Salaam na Nairobi sasa kuna hafla kabisa za kazi hiyo: unalipa kiingilio, unakuta mezani mikasi, gundi na rundo la majarida ya zamani, mnakata na kubandika huku muziki unalia, na jioni kila mtu anapigwa picha na ubao wake. Makanisani nako zoezi limeingia kwenye ibada za kufungua mwaka. Baada ya hapo ndipo maswali yanapoanza. Mmoja anasema hii ni sayansi, kwamba ubongo ukionyeshwa picha kila siku utaitafuta wenyewe. Mwingine anasema ni ushirikina uliovalishwa suti. Wa tatu alibandika Toyota Harrier miaka minne iliyopita, bado anagombania daladala, na anataka aambiwe alikosea wapi.

Tuanze na maana. Ubao wa maono, au vision board kama wengi wanavyouita, ni karatasi, ubao au hata skrini ya simu yenye picha na maneno machache yanayoonyesha maisha ambayo mtu anataka kuyafikia. Hapo hakuna la ajabu. Kinachowachanganya watu ni kuutwisha ubao huo mmoja mambo matatu yasiyofanana. Kuna ndoto: nataka kuwa na kwangu. Kuna lengo, yaani ndoto iliyopewa kipimo na muda: kiwanja cha shilingi milioni 6 ndani ya miaka mitatu. Na kuna mpango, yaani kitu utakachofanya, siku gani, wapi: kila Jumamosi, kabla ya kununua chochote, shilingi 50,000 inakwenda kwenye hisa za VICOBA, kikundi cha mtaani cha kuweka akiba na kukopeshana. Ukipiga hesabu, hizo ni wiki 120, miaka miwili na kama miezi minne. Ubao unaifaa sana ndoto, lengo unalisaidia kiasi, na mpango hauuwezi kabisa. Yule wa Harrier anaudai ubao kazi ambayo haukuajiriwa kuifanya.

Imani kwamba picha inavuta kitu ina historia. Ilivuma Marekani tangu karne ya 19, lakini iliyoifikisha dunia nzima ni filamu ya 2006 iitwayo The Secret, ya Rhonda Byrne wa Australia, iliyofuatwa na kitabu cha jina hilohilo, na mwanzoni mwa 2007 ikapewa nafasi kubwa na Oprah Winfrey kwenye kipindi chake. Hoja yake ni "sheria ya mvuto": unachokiwaza kwa nguvu, ulimwengu unakuletea. Ndani ya filamu hiyo mfanyabiashara John Assaraf anasimulia jinsi alivyofungua maboksi baada ya kuhama akakuta ubao wake wa zamani, na picha ya nyumba iliyokuwa pale ni ya nyumba ileile aliyokwisha kuinunua. Hadithi inasisimua. Ila Assaraf alikuwa ametajirika kwenye biashara ya nyumba na ardhi, na mtu wa kazi hiyo kuishia kwenye nyumba anayoipenda si muujiza mkubwa. Halafu waliobandika nyumba na hawakuipata hawaalikwi kwenye filamu. Hakuna jaribio linaloonyesha kuwa mawazo yanavuta mali, na kwa maoni yangu anayeuza semina ya jambo hilo anauza hewa.

Toleo la kisasa la imani hiyo limevaa koti jeupe. Utasikia kwamba kuna mtandao wa neva kwenye shina la ubongo ambao ukionyeshwa picha unageuka kama rada ya kutafuta fursa. Mtandao huo upo kweli. Mwaka 1949 wanasayansi Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun waliusisimua kwa umeme kwenye ubongo wa paka, na mawimbi ya ubongo yakabadilika yakawa kama ya mnyama aliye macho. Tangu hapo unajulikana kwa kazi ya kuamsha mwili na kuuweka katika hali ya umakini. Kuufanya dalali wa magari ni nyongeza ya watoa semina. Lililo kweli ni dogo zaidi: ukishaamua kununua cherehani, unaanza kuona matangazo ya cherehani ambayo jana ulipita bila kuyatazama. Hilo lina faida yake, lakini kuona tangazo bado hakujakulipia cherehani.

Na kwa kuwa tuko kwenye semina, kuna ile hadithi ya Chuo Kikuu cha Yale. Eti mwaka 1953 asilimia 3 ya wahitimu ndio walioandika malengo yao, na miaka 20 baadaye wakawa na utajiri kuliko asilimia 97 iliyobaki. Wengine wanaisimulia kwa jina la Harvard. Jarida la Fast Company liliifuatilia mwaka 1996, na utafiti huo haukupatikana popote. Haukuwahi kufanyika.

Sasa tuje kwenye utafiti uliofanyika kweli, maana ndio unaomhusu mtu wetu wa Harrier. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani ambaye sasa ni profesa wa Chuo Kikuu cha New York, alichapisha pamoja na Thomas Wadden matokeo ya wanawake 25 waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito. Mwanzoni waliulizwa vitu viwili. Kwanza, unatarajia kufanikiwa kwa kiasi gani? Pili, walipewa vipande vya hadithi wavimalizie kichwani: umemaliza programu, jioni unatoka na rafiki wa zamani, unajionaje? Uko mahali pana donati, unafanya nini?

Baada ya mwaka mmoja, waliotarajia kufanikiwa walikuwa wamepungua zaidi, jambo ambalo halimshangazi mtu. Lililoshangaza ni hili la pili. Wale ambao njozi zao zilikuwa tamu kabisa, waliojiona wamekonda, wanasifiwa, wanazipita donati bila hata kugeuka, walipungua takriban kilo 11 pungufu kuliko wale ambao njozi zao zilikuwa na mashaka. Wanawake 25 ni wachache, na mtu ana haki ya kusema hivyo. Lakini Oettingen alirudi tena na tena kwenye swali hilo. Mwaka 2002, yeye na Doris Mayer walionyesha kwamba wahitimu wa Ujerumani waliokuwa wakijiona mara nyingi wamepata kazi nzuri ndio ambao, miaka miwili baadaye, walikuwa wametuma maombi machache, wamepata ofa chache na mishahara midogo.

Kwa nini? Mwaka 2011 Heather Barry Kappes na Oettingen walipima shinikizo la damu, ambalo hupanda kidogo mtu anapojiandaa kwa juhudi. Waliotakiwa kuwaza mambo yao yakienda vizuri tupu walionekana wamepungukiwa nguvu hiyo. Akili ilishapumzika, kana kwamba kazi imekwisha. Ni kama mgeni wa harusi aliyejaza tumbo soda na vitafunwa: pilau linapopakuliwa yeye ameshashiba, ingawa hajala chakula.

Angalia tofauti iliyomo humo, maana inapotea kirahisi. Matarajio na njozi si kitu kimoja. Mwanamke anayesema "nitaweza, kwa sababu mwaka juzi nilifunga mwezi mzima na sikula ovyo usiku" anatarajia, na tarajio lake lina ushahidi. Anayefumba macho na kujiona kwenye gauni la saizi ndogo anaota. Ubao uliojaa picha za mwisho wa safari unalisha njozi, na matarajio yenye ushahidi unayaacha na njaa.

Kuna jaribio jingine dogo ninalolipenda zaidi kwa sababu linaeleza picha gani ya kuweka. Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1999, waliwachukua wanafunzi waliokuwa siku chache kabla ya mtihani. Kundi moja kila siku lilijiona limepata alama ya juu. Kundi jingine lilijiona likisoma: limekaa, limefungua daftari, limezima televisheni. Kundi la pili lilisoma zaidi na likafaulu vizuri zaidi. Lile lililokuwa likijiona na alama ya juu lilipunguza saa za kusoma. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha nne anayebandika joho la mahafali ukutani ajue kwamba picha ya meza, taa na kitabu cha hesabu ingemfaa zaidi, japo haipendezi kwenye stetasi.

Hapa watu huwataja wanamichezo. Mbona wao wanajiona washindi kabla ya mashindano, na wanashinda? Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, ndiye mfano unaotolewa sana, na ni mfano mzuri kwa sababu tofauti na inayodhaniwa. Phelps na kocha wake Bob Bowman walikuwa wakirudia kichwani shindano zima, pamoja na mambo kuharibika. Beijing 2008, kwenye mita 200 za mtindo wa kipepeo, miwani yake ya kuogelea ilijaa maji, akawa haoni ukuta. Alihesabu mikono yake ya kuogelea mpaka mwisho, akatwaa dhahabu kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 52.03. Na kwa upande wetu, Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 huko Vienna Oktoba 2019, anafahamika kwa madaftari yake: mazoezi ya Kaptagat anayaandika, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Picha ya utepe wa kumalizia wanayo wanariadha wote, hata wa mwisho. Daftari kama lile wanalo wachache.

Basi tuutupe ubao? Hapana. Ubao una kazi moja unayoifanya vizuri kuliko kalamu na karatasi yenye mistari: unakulazimisha kuchagua.

Chukua mama lishe mwenye banda karibu na stendi. Mpe manila moja, mpe jioni nzima, mwambie aweke kila anachotaka. Atajaza: kiwanja, mkahawa wenye viti vya chuma, friji kubwa, Umra au safari ya Yerusalemu, ada ya shule ya bweni, bajaji ya kumpa mdogo wake, meno ya mbele kutengenezwa. Asibandike bado. Avipange tu juu ya manila bila gundi, kisha aondoe kimoja kimoja mpaka vibaki vitatu. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Friji itaondoka haraka. Bajaji ya mdogo wake itamtesa, ataitoa, atairudisha. Akifika mahali mkono unagoma kuondoa ada ya mtoto lakini unaachia mkahawa bila maumivu, amejifunza jambo ambalo huenda hakulijua saa mbili zilizopita: kwamba mkahawa ulikuwa ni wazo la shoga yake. Picha zilizoondolewa aziweke kwenye bahasha. Hazijafa, zamu yao haijafika.

Jambo la pili ni mahali picha zinapotoka. Ukiandika "nyumba nzuri" kwenye Pinterest utaletewa majiko ya Marekani: kisiwa cha marumaru katikati, tanuri ukutani, wakati mwingine na dohani la kuotea moto. Mtu wa Mbagala anaichapisha rangi steshenari, anaibandika, na bila kujua ameshaamua kutaka nyumba isiyo na uwani, isiyo na mahali pa jiko la mkaa wala simtanki. Picha imemchagulia. Afadhali achore mwenyewe kwa penseli vyumba vitatu, ukumbi, choo cha ndani na kisima, hata kama mistari imepinda. Au apige picha ya nyumba halisi ya mtaa wa pili anayoipenda kila akipita. Hiyo ina faida nyingine: mwenye nyumba yupo, anaweza kuulizwa matofali yalikula kiasi gani.

Kisha kuna sehemu ambayo karibu hakuna ubao wa Januari unaokuwa nayo, nayo ni kikwazo. Oettingen baada ya matokeo yale hakuwaambia watu waache kuota. Aliwaambia waote, kisha papo hapo watafute ni kitu gani ndani yao kinachosimama njiani, kisha waseme watafanya nini kikijitokeza. Mpangilio wenyewe ndio muhimu: unachokitaka kwanza, kikwazo baadaye. Anayeanza na kikwazo haoni sababu ya kuhangaika nacho.

Ukiniuliza kikwazo kikubwa cha mbao za maono Afrika Mashariki, sitasema uvivu. Nitasema michango. Kadi ya harusi ya binti wa jirani, sendoff, msiba wa kijijini, ada ya mtoto wa kaka, kikundi cha WhatsApp kilichofunguliwa jana chenye orodha ya majina na tarakimu mbele yake. Ubao unaomwonyesha mtu peke yake ndani ya gari lake ni wa mtu asiye na ndugu, na mtu huyo hayupo. Kutoa si kosa. Tatizo linaanzia ndani, pale unaposhindwa kutaja kiasi unachokimudu, ukaandika elfu hamsini kwa sababu aliyetangulia ameandika elfu hamsini. Basi liandike hilo kwenye ubao, kando ya kiwanja, kwa maneno yako: naona aibu kutoa kidogo.

Ukishaandika kikwazo, sentensi inayofuata inajengwa kwa "ikiwa" na "basi". Ikiwa kadi ya mchango imekuja, basi ninatoa kutoka kwenye bahasha ya michango tu, na ikiisha nasema mwezi huu nimefika mwisho. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia ambaye ni mume wa Oettingen, ndiye aliyechunguza sana sentensi za namna hii. Katika utafiti wake na Veronika Brandstätter wa mwaka 1997, wanafunzi waliombwa waandike ripoti fupi wakati wa Krismasi ndani ya saa 48 na kuirudisha. Kati ya wale ambao hawakutakiwa kupanga, karibu theluthi moja walitimiza. Kati ya waliotaja mapema wataandikia wapi na saa ngapi, zaidi ya theluthi mbili. Nia ilikuwa ileile. Mahali na saa ndivyo vilivyoongezwa.

Serikali nazo haziishii kwenye ubao. Dira ya Maendeleo ya Tanzania ya 2025 ilikuwa ni picha ya nchi inayotakiwa, lakini kuanzia mwaka wa fedha 2011/12 ikawekewa mipango mitatu ya miaka mitano mitano, na kila mpango ukashuka kwenye bajeti ya mwaka. Ruwaza ya Kenya ya 2030 ilipozinduliwa 2008 nayo ilikatwa vipande vya miaka mitano. Unaweza kubishana mpaka kesho kuhusu utekelezaji, lakini umbo la kazi ni sahihi: picha, kipande, bajeti. Wa nyumbani akifika kwenye bajeti ya mwezi mmoja tu, ameshawapita wengi.

Na dini? Wanaoutetea ubao makanisani hutaja Habakuki sura ya 2, nabii anapoambiwa aandike njozi ionekane wazi katika vibao. Ni kweli imeandikwa hivyo. Ila njozi ile ilitoka kwa Mungu na ilihusu hukumu na taifa la Wakaldayo, haikuwa orodha ya nabii ya vitu vya kununua, kwa hiyo kuitumia kama kibali cha kuvuta gari ni kulibebesha andiko mzigo usio wake. Wanaouita ubao ushirikina nao wana hoja pale tu mtu anapoamini kwamba karatasi au ulimwengu ndio unaompa. Kupanga hakujawahi kuwa haramu. Kwa Waislamu, Mtume Muhammad alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, alijibu mfunge kwanza, kisha tegemea.

Limebaki swali la mahali pa kuutundika. Stetasi sikushauri. Mwaka 2009 Gollwitzer na wenzake walifanya majaribio ambayo baadhi yake yaliwahusu wanafunzi wa sheria: wale ambao nia yao ya kuwa wanasheria wazuri ilisomwa na mtu mwingine walijituma kwa muda mfupi zaidi kuliko wale ambao hakuna aliyeisoma. Kutambuliwa kulishawapa sehemu ya utamu. Ndani ya mlango wa kabati panatosha, mahali unapopaona ukivaa asubuhi.

Lakini yupo mmoja wa kuonyeshwa, naye ni yule ambaye pesa zenu zinatoka mfuko mmoja. Mume na mke wakitengeneza kila mtu wake, bila kuchunguliana, halafu wakaweka mbili juu ya meza, ndipo watakapojua kwamba mmoja anaona kiwanja na mwingine anaona bodaboda ya biashara, kwa shilingi zilezile za VICOBA. Hayo ni mazungumzo ya Januari, kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa.